Semillon ya Hunter Valley, changa na iliyokomaa

Semillon ya Hunter Valley, mvinyo mweupe wa kaskazini mwa Sydney, Australia, haitendewi haki inapohukumiwa ikiwa changa. Zabibu zake huchumwa mapema, kabla sukari haijapanda, hivyo kileo hubaki kama asilimia 10 au 11 na uchachu huwa mkali. Mvinyo mchanga hukaribia rangi ya maji, wenye ukijani kwa mbali. Puani kuna ndimu na majani mabichi, mdomoni unakwangua ulimi, basi. Wengi huishia hapo, na ni hasara kubwa. Baada ya miaka 10 chupani rangi hugeuka dhahabu, na harufu huwa ya asali, karanga na mkate uliobanikwa, ingawa kwa kawaida mvinyo huo haukuguswa na pipa la mwaloni. Ni kazi ya muda peke yake. Kinyume chake, Shiraz ya Barossa, mvinyo mwekundu wa Australia, nzito, yenye matunda meusi na pilipili manga, hueleweka tangu funda la kwanza. Riesling ya Clare Valley, mvinyo mweupe wa Australia pia, nayo hudai subira, na kizibo kizuri. Kuanzia mavuno ya mwaka 2000 watengenezaji wake kadhaa waliacha vizibo vya koki wakachukua vifuniko vya kuzungusha, wakiepuka ile harufu ya uvundo inayotokana na koki mbovu.