Ugali wa bibi haukuwa peke yake

Siku ya kliniki ya mkoba, tunapopima watoto uzito, kuna jibu moja ninalolisikia kuliko mengine yote. Namuuliza mama mtoto amekula nini jana. Ananijibu: "Ugali, nesi. Kwetu ugali haujakosekana." Nikifungua kadi naona mstari wa uzito umelala miezi mitatu. Mtoto anashiba, ila hakui.

Wakati huohuo kuna maneno yanayozunguka kwenye simu na mikutanoni: turudi kwenye vyakula vya asili, wazee wetu hawakujua presha wala kisukari. Umoja wa Mataifa nao uliufanya mwaka 2023 kuwa Mwaka wa Kimataifa wa nafaka za jamii ya uwele, ulezi na mtama, na tangu hapo unga wa uwele na ulezi unauzwa mjini kwa bei ambayo bibi yangu angecheka.

Mimi ni muuguzi wa afya ya jamii hapa Kolo, na ni mjukuu wa mwanamke aliyepika chakula hicho maisha yake yote. Wito huo nauunga mkono nusu. Nusu nyingine inanitia wasiwasi, kwa sababu wengi wanaukumbuka ugali wa bibi na kusahau vilivyokuwa pembeni yake.

Ndani ya jiko la bibi

Bibi alipika ugali wa uwele au mtama. Mboga ilikuwa mlenda, majani ya kunde, mgagani, au majani ya porini aliyoyachuma akitoka shamba. Masika alianika majani kwa ajili ya kiangazi. Ndani ya mboga alitia karanga zilizotwangwa. Kulikuwa na kunde na mbaazi, na maziwa mgando ng'ombe walipokuwepo. Uji wa ulezi aliutia ubuyu au ukwaju upate uchachu.

Nilipomaliza diploma nilirudi nyumbani na vipeperushi vyangu vya lishe. Nikamweleza bibi kuhusu mayai, samaki na matunda ya kununua. Alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza: "Na mlenda wangu, mjukuu wangu, uko kundi gani?" Sikuwa nimeutaja kabisa. Nilikuwa nawafundisha kina mama wa Kolo kula vitu vya sokoni na kuacha vilivyoota nyuma ya nyumba zao.

Leo tunafundisha makundi sita ya chakula: nafaka na mizizi, vyakula vya asili ya wanyama, jamii ya kunde, karanga na mbegu, mbogamboga, matunda, na mafuta yenye afya. Bibi hakujua orodha hiyo. Lakini katika mwaka mzuri, ukikusanya alivyopika kuanzia asubuhi mpaka jioni, unapata makundi matano, na wakati mwingine yote sita.

Nani aliondoa vitu kwenye sahani?

Ni rahisi kuwalaumu kina mama wa siku hizi kuwa wavivu. Historia ya milima hii ya Irangi inasema vingine.

Mwaka 1973 serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, kwa sababu ardhi ya Kondoa ilikuwa imeliwa na makorongo. Mwaka 1979 mifugo iliamriwa kuondoka katika eneo lililoharibika zaidi. Udongo ulipata nafuu, miti na nyasi vikarudi. Lakini ng'ombe walipoondoka, na maziwa yaliondoka kwenye vibuyu. Ufugaji wa ndani ulikuja miaka ya mwisho ya 1980, kwa wale walioweza kupata ng'ombe na kumkatia majani. Uamuzi ulikuwa wa ardhi, na matokeo yake yakafika mpaka kwenye kikombe cha mtoto.

Mahindi nayo yaliendelea kuchukua nafasi ya uwele na mtama. Sababu zake si za kipuuzi. Uwele unaliwa na ndege, na wa kufukuza ndege mara nyingi ni mtoto aliyepaswa kuwa darasani. Uwele wa kutwanga kwenye kinu unachukua nguvu na saa za mwanamke. Mahindi yana soko, na mashine ya kusaga iko jirani. Mama aliyeacha kinu alipumzisha mgongo wake, na mimi siwezi kumwambia arudi huko.

Tatizo ni kwamba tulibadilisha nafaka na pembeni yake tukapunguza vingine. Karanga na kunde zikawa za kuuza, alizeti tukaipeleka sokoni. Mlenda ukaitwa chakula cha maskini, usiopikwa akija mgeni. Kilichobaki ni ugali mweupe na mboga kidogo ya kuteremshia.

Kitaifa tumepiga hatua: udumavu kwa watoto wa chini ya miaka mitano ulishuka kutoka asilimia 34 katika utafiti wa 2015/16 hadi asilimia 30 mwaka 2022. Hata hivyo, hao bado ni watoto watatu katika kila kumi.

Nafaka tupu imewahi kuua kwingine

Kuna nchi mbili za kutufundisha.

Kaskazini mwa Italia, karne ya 18 na 19, wakulima maskini waliishi kwa polenta, yaani unga wa mahindi uliosongwa, ndugu kabisa wa ugali wetu. Walioula karibu peke yake walipata pelagra: ngozi inababuka panapopigwa na jua, kuhara kunafuata, kisha akili inachanganyika, na wengi walikufa. Chanzo ni ukosefu wa vitamini inayoitwa niasini. Mahindi yanayo, lakini imefungwa kiasi kwamba mwili hauipati vizuri.

Kusini mwa Italia wakulima walikuwa maskini pia. Ila sahani yao ilikuwa na maharage, majani ya porini, mkate na mafuta ya zeituni. Mapishi ya namna hiyo ndiyo yaliyomvutia mtafiti wa Marekani Ancel Keys, aliyeanza miaka ya 1950 kuchunguza uhusiano wa chakula na magonjwa ya moyo. Mwaka 2010 UNESCO iliyaandika mapishi ya nchi za Mediterania kuwa urithi wa kitamaduni usioshikika wa binadamu. Maharage, majani ya porini na mafuta ya mbegu au tunda: hebu linganisha na kunde, mlenda na karanga za bibi.

Mfano wa pili uko jirani zaidi. Mwaka 1990 wakimbizi wa Msumbiji walioko Malawi walikuwa wakigawiwa mahindi, na karanga zikakatika kwenye mgao. Zaidi ya watu 18,000 waliugua pelagra. Mahindi yaliendelea kuwepo. Kilichokosekana ni karanga.

Mwaka 2016 hatujausahau

Katikati ya mwaka 2016 ugonjwa wa ajabu ulizuka katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Watu walipata macho ya manjano, maumivu ya tumbo, kutapika, na matumbo kujaa maji. Waliohesabiwa walikuwa 68, na 20 kati yao walikufa. Uchunguzi ulionyesha sumukuvu kwenye mahindi waliyovuna na kuyala wenyewe.

Sumukuvu hutengenezwa na ukungu unaoota kwenye mahindi na karanga, hasa mmea ukipigwa na ukame shambani au nafaka ikihifadhiwa haijakauka. Kuchemsha hakuiondoi. Kiwango cha juu kinachoruhusiwa katika Afrika Mashariki ni sehemu 10 tu kwa bilioni, kiasi ambacho jicho haliwezi kukiona. Ukiila kidogo kidogo kwa miaka, inaharibu ini na inaongeza hatari ya saratani ya ini.

Hapa wanaosema "dona ni bora kuliko sembe" wanahitaji kuongeza neno moja: dona ya mahindi safi. Dona ina nyuzinyuzi, vitamini na madini zaidi, ni kweli. Lakini ukungu hukaa sana kwenye ganda na kiini, kwa hiyo mahindi mabovu yakisagwa bila kukobolewa, familia inakula sumu yote. Mtama na uwele kwa kawaida hupata sumukuvu kidogo kuliko mahindi, lakini navyo vikihifadhiwa vibichi huota ukungu.

Bibi hakujua neno sumukuvu. Lakini alikaa na ungo akichambua punje moja moja, na iliyobadilika rangi haikuingia kwenye kinu. Tulipoanza kupeleka gunia moja kwa moja mashineni, kazi hiyo ya ungo ndiyo tuliyoiacha.

Urithi unaotakiwa kurekebishwa

Heshima kwa bibi hainizuii kusema alipokosea. Na alikosea mahali kadhaa.

Magadi kwenye mlenda hulainisha mboga haraka, lakini huharibu baadhi ya vitamini na huongeza sodiamu, ileile iliyomo kwenye chumvi. Mwenye presha anayeacha chumvi na kuendelea na magadi hajaacha kitu.

Kuanika majani juani siku nzima hupoteza vitamini A kwa wingi. Kivulini penye upepo ni bora.

Katika baadhi ya nyumba mjamzito alikatazwa mayai, na finyango ya nyama ilikwenda kwa baba kwanza. Mjamzito na mtoto mdogo ndio wanaovihitaji zaidi.

Na jiko lenyewe la mafiga matatu ndani ya nyumba isiyo na dirisha limewakohoza bibi zetu wengi. Toboa dirisha, au hamishia jiko nje inapowezekana.

Cha kufanya msimu huu

Chambua kabla ya kusaga. Toa punje zenye ukungu, zilizovunjika, zilizosinyaa au kubadilika rangi. Fanya hivyo kwa karanga pia, hasa zile za bei rahisi zilizosinyaa. Punje hizo usiwape kuku wala ng'ombe, kwa sababu sumu inaweza kurudi kwako kupitia yai na maziwa.

Kausha juu ya turubai, usimwage chini. Kupima ukavu: weka kiganja cha nafaka na chumvi kavu kwenye chupa kavu ya kioo, funga, tikisa, subiri dakika 15. Chumvi ikinata kwenye chupa, nafaka bado ina unyevu. Ikikauka, ihifadhi kwenye mifuko isiyopitisha hewa, juu ya chaga.

Bakiza nyumbani kabla ya kuuza. Tenga debe la karanga na la kunde la watoto, kama unavyotenga mbegu.

Tia kitu kichachu. Ubuyu, ukwaju au limao husaidia mwili kuchukua madini ya chuma yaliyomo kwenye nafaka na kunde. Chai ya rangi hufanya kinyume, kwa hiyo inywe mbali na mlo.

Usidanganyike na unga wa lishe wenye nafaka nyingi. Mahindi, mtama, uwele, ngano na mchele ni kundi moja lililorudiwa mara tano. Pika uji wa nafaka moja, kisha ongeza karanga zilizosagwa laini, maziwa au yai. Mtoto anaanza akitimiza miezi sita, huku akiendelea kunyonya mpaka miaka miwili au zaidi. Karanga nzima usimpe mtoto mdogo, zinaweza kumkaba.

Ukiona macho ya manjano au tumbo kuvimba, hasa kwa zaidi ya mtu mmoja nyumbani, acheni kula nafaka ile na mwende kituo cha afya siku hiyohiyo. Bebeni kiasi kidogo cha nafaka hiyo.

Na upande wa serikali

Kanuni za kuongeza virutubishi kwenye unga zipo tangu 2011, lakini zinagusa zaidi viwanda vikubwa. Unga wa mashine ya kijijini, ambao ndio tunaokula Kolo, haupitii huko. Baada ya msiba wa 2016 Wizara ya Kilimo ilileta mradi wa kudhibiti sumukuvu, TANIPAC, na hilo ni jambo jema. Mkulima wa kijijini bado anahitaji mahali pa karibu pa kupimia gunia lake kabla halijaingia kwenye sufuria, na mahindi tunayochangia kwa chakula cha shule yanapaswa kuwa ya kwanza kupimwa.

Mpaka hapo patakapopatikana, kipimo chetu ni ungo. Mama yule wa ugali alirudi kliniki mwezi uliofuata. Nilimuuliza swali lilelile. Akasema: "Ugali, nesi. Na kunde. Na mlenda wa karanga, ila magadi nimeacha." Mstari kwenye kadi ulikuwa umeinuka kidogo. Mwezi ujao nitampima tena.