Tangi la Mbao Si Sanduku la Nguo

Wakulima wengi siku hizi wanataka kufuga samaki, na hilo ni jambo jema. Lakini si kila shamba lina udongo wa mfinyanzi wa kushika maji. Mahali penye mchanga au changarawe bwawa hunywa maji usiku kucha, na asubuhi mwenyewe hukuta matope. Wengi wenu mnaukumbuka mpango wa Serikali ulioanza mwaka 2009, ambapo mabwawa ya mita 300 za mraba yalichimbwa katika majimbo mengi. Mengine yana samaki hata leo. Mengine ni mashimo yenye majani, na mojawapo ya sababu ni kwamba ardhi ilikunywa maji.

Ndiyo maana watu huja ofisini kwetu wakiuliza habari za tangi la mbao. Mimi ni karani tu, wala si Afisa wa Samaki, lakini kabla ya kazi hii nilifundishwa ualimu, na hesabu ya maji naifahamu. Maoni yangu ni haya. Tangi la mbao ni kitu kizuri kwa kulea vifaranga wa samaki, kwa kuwaweka samaki wazima kabla ya siku ya soko, na kwa kufundishia shuleni. Halichukui nafasi ya bwawa. Na hasara nyingi za matangi haya nilizoziona zina asili moja: mwenye shamba alimwita fundi wa viti na masanduku, naye fundi akajenga sanduku.

Sanduku hubeba nguo. Nguo hukaa chini, hazisukumi kando. Maji husukuma kila upande, mchana na usiku, bila kuchoka. Chukua tangi lenye urefu wa mita 2.4, upana wa mita 1.2, na maji ya kina cha sentimita 60. Maji hayo ni lita 1,728, na kila lita ina uzito wa kilo moja. Basi umeweka juu ya ubao wako kilo 1,728, yaani magunia 19 ya mahindi ya kilo 90. Na ukuta mmoja mrefu husukumwa kwa nguvu ya kilo kama 430, karibu magunia matano yakiuegemea.

Sasa mwenye haraka husema, "Tuongeze kina kidogo, iwe mita moja." Sikiliza vizuri, kwa maana hapa ndipo watu hupotea. Kina kikitoka sentimita 60 kufika mita moja, maji hayakuongezeka hata maradufu, lakini msukumo wa ukuta ule ule hutoka kilo 430 ukafika kilo 1,200. Kina kikizidi mara mbili, msukumo huzidi mara nne. Kwa sababu hiyo nasema tangi la mbao liwe pana kuliko kuwa refu kwenda chini. Samaki wadogo hawahitaji kina, wanahitaji nafasi na hewa, na hewa huingia kwa uso wa maji.

Jirani yangu mmoja alijengewa tangi la kina cha mita moja, mbao zikipigiliwa misumari kwa nje ya nguzo. Lilisimama siku mbili. Siku ya tatu ukuta ulifunguka kama mlango, na samaki wakaokotwa katika shamba la maharagwe. Msumari haukuvunjika hata mmoja. Yote iling'oka tu, kwa sababu maji yalikuwa yakiisukuma mbao kutoka kwenye nguzo. Nguzo zikae nje, na mbao zikae ndani, ili maji yenyewe yaishindilie mbao juu ya nguzo. Mjenzi wa jahazi kule Lamu naye huweka mbavu upande ambao bahari husukumia mbao. Lakini bahari iko nje ya chombo na maji ya samaki yako ndani ya tangi, basi mbavu zako ziwe nje.

Tumia plaiwudi ya milimita 18, ile inayostahimili maji. Ni ghali kuliko mbao za saipresi, nami najua. Lakini mbao mbichi zilizotoka mashineni juzi hukauka na kusinyaa, na kila kiungo hufunguka. Simamisha nguzo za inchi mbili kwa nne kila sentimita 40, kisha uzungushe mikanda ya mbao, mmoja chini kabisa, mmoja katikati, mmoja juu. Msukumo mkubwa uko chini, lakini ukuta hutoka tumbo juu katikati ya urefu wake; kwa hiyo weka pia ubao wa kuvuka kutoka ukuta hata ukuta. Kwenye pembe mikanda ipishane, ifungwe kwa bolti na nati. Kwingine tumia skurubu.

Mahali pa kuliweka pawe sawa kabisa, papimwe kwa pimamaji, si kwa jicho. Liinue juu ya mawe au matofali ili uone mchwa wakipanda. Wengine hupaka oili chafu ya gari kwenye miguu kuzuia mchwa. Usifanye hivyo karibu na samaki. Tena mbao zilizotiwa dawa ya kijani zina shaba ndani yake, na shaba ni sumu kwa samaki. Zikae nje tu, zisiguse maji.

Tufike kwenye kuziba, ambapo wauza duka wana maneno mengi. Lami siipendi. Hulainika juani, na harufu yake huingia katika maji. Kwa mkulima wa kawaida hakuna kitu bora kuliko ile karatasi nene ya plastiki inayotandikwa katika mabwawa. Mbao hubeba nguvu, plastiki hushika maji, kila mmoja na kazi yake. Sugua kwanza vichwa vya skurubu na kona kali, tandika magunia ya zamani chini, ndipo utandaze plastiki. Pembeni usiikate. Ikunje kama mwenye duka anavyokunja karatasi ya sukari.

Watu hununua kipande kifupi kwa sababu hupima sakafu tu. Hesabu hivi: urefu, ongeza kina mara mbili, ongeza tena sentimita 30 za kukunja juu ya ukingo. Ukuta ukiwa na sentimita 75, tangi letu la mita 2.4 kwa 1.2 litataka plastiki ya mita 4.2 kwa mita 3. Mpe muuzaji hesabu hiyo kwenye karatasi, asikuambie "hii itatosha."

Shule zitataka dirisha la kioo, na sizilaumu, maana mtoto akimwona samaki akila hujifunza zaidi kuliko kwa picha ubaoni. Hapo plastiki haifai. Lazima upake rangi ya epoksi mara kadhaa juu ya mbao kavu kabisa, na viungo vyote vibandikwe nguo ya nyuzi za kioo. Kioo kiwe kidogo, cha milimita 10 au 12, wala si kile cha madirisha ya nyumba. Kitiwe kwa ndani ili maji yakikandamize juu ya fremu, na kizibwe kwa silikoni isiyotiwa dawa ya kuua kuvu. Silikoni ya namna ile hunuka siki inapokauka. Maadamu bado inanuka, usitie maji.

Kisha ngoja. Jaza robo, ulale. Jaza nusu, ulale. Hata lijae, na likiisha kujaa likae wiki nzima bila samaki. Maji yakipungua usipige kelele kwamba linavuja, kwani jua nalo hunywa. Weka ndoo ya maji kando ya tangi, utie alama kwenye ndoo na kwenye tangi. Zikishuka sawasawa, ni jua. Tangi likishuka kuliko ndoo, tafuta tundu.

Maji ya kwanza yamwage, ujaze mengine. Maji ya mfereji yenye dawa ya klorini yakae siku mbili wazi. Kwa tangi hili, bila mashine ya hewa, mimi ningeanza na vifaranga 200 wa ngege, si zaidi, na chakula wanachokimaliza mara moja. Kinachobaki huoza na kuwaua. Kambare hustahimili zaidi kwa sababu huweza kuvuta hewa juu ya maji. Kule kwenye baridi nyingi ngege huacha kula na hawakui, hata tangi liwe zuri namna gani. Mtu wa sehemu hizo na aulize kwanza ofisi ya samaki iliyo karibu naye. Kituo cha Sagana kimekuwa na kazi hii tangu mwaka 1948, na watu wake hujibu maswali.

Juu ya tangi weka kifuniko cha wavu wa waya wenye fremu, chenye kufuli. Huzuia mdiria wasile vifaranga, na samaki wasiruke nje. Lakini kufuli ni kwa ajili ya mtoto wa miaka miwili, ambaye maji ya sentimita 60 ni mengi kwake. Mwambie fundi atengeneze kifuniko hicho siku ile ile anayojenga tangi, na asilipwe fedha ya mwisho mpaka kimefungwa.