Utafiti wa Tiba ya Dharura Usiishie Muhimbili

Wapo wasomi wanaodai kwamba tiba ya dharura ni elimu ya miji mikubwa, na kwamba mkulima wa Mlangali anatoshwa na chanjo na dawa ya malaria. Dai hilo ni kasumba, na halina budi kupingwa.

Mlangali, wilayani Ludewa, iko zaidi ya kilomita 700 kutoka Dar es Salaam. Mama anayetokwa na damu baada ya kujifungua hawezi kungoja safari ya Njombe, sembuse ya Muhimbili. Uhai wake umo mikononi mwa mganga na muuguzi wa kwanza kumpokea.

Taifa halikulala. Mwaka 2010 Muhimbili ilifungua idara ya tiba ya dharura, na chuo kikuu chake kikaanza kufundisha mabingwa wa fani hiyo. Hiyo ni hatua ya kujivunia. Lakini chuo cha umma kina deni kwa umma, na deni hilo halilipwi kwa makala za Kiingereza zinazosomwa na mabingwa wenyewe kwa wenyewe.

Utafiti si anasa. Uchunguzi uliofanywa katika hospitali 80 za Tanzania, Kenya, Nigeria na Afrika Kusini, na kutangazwa mwaka 2023, ulitumia plastiki yenye alama za vipimo kupima damu anayopoteza mzazi. Damu ilipozidi kiasi, matibabu yote yalitolewa kwa pamoja bila kusubiri. Madhara makubwa yalipungua kwa asilimia 60. Halikuhitajika jengo la fahari. Ilihitajika nidhamu ya kazi.

Ujuzi wa namna hiyo ndio unaopaswa kufika Mlangali, kwa Kiswahili, pamoja na vifaa vyake. Njia inajulikana: mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya ilifikisha elimu vijijini kwa redio na vikundi vya kusoma.

Basi mtafiti aende vijijini, ajifunze dharura inakoanzia. Mtumishi wa halmashauri ahakikishe gari la wagonjwa lina mafuta. Mwalimu afundishe wanafunzi kuzuia damu isivuje. Elimu isiyomfikia mkulima saa ya kufa na kupona haijamaliza kazi yake.