Sabufa ya Mashua: Anza na Betri

Leo tunaiacha tarakilishi mezani na kushuka pwani, ingawa hesabu tutakazopiga hazitofautiani sana na zile tulizozoea.

Chukulia kijana mwenye mashua ya injini. Kila jioni anapeleka wageni kutazama jua likitua, pengine kwenye mkondo wa Manda kule Lamu, pengine kwenye hori la Mtwapa. Ana redio na spika mbili. Muziki unasikika, lakini besi haipo: benga imekosa gita la chini, bongo fleva imekosa ngoma. Kijana anataka sabufa, na mfukoni hana nyingi. Anunue ipi?

Maoni yangu ni kwamba swali hilo limeanzia mwisho. Katika mashua, sabufa ndiyo kitu cha mwisho kununua, na ndiyo inayostahili kupewa fungu dogo la bajeti. Pesa nyingi ziende kwa vitu visivyotoa sauti hata kidogo: betri, waya na fyuzi. Najua ushauri wa namna hii hauna raha. Hakuna mgeni atakayeshuka gatini akiisifu fyuzi yako. Lakini hebu tupige hesabu pamoja.

MATATU NI MATATU, MASHUA NI MASHUA

Wakenya wengi besi tumeijulia ndani ya matatu, na mafundi wengi wa muziki wamejifunzia kazi huko huko. Kumbe matatu inamsaidia sana fundi bila yeye kujua. Wimbi la sauti la hezi 40 lina urefu wa kama mita 8.5, yaani ni refu kuliko chumba chote cha abiria. Ndani ya paa, milango na madirisha, sabufa inasukuma hewa ya chumba kizima kwa pamoja, na besi inaongezeka nguvu bure.

Mashua haina paa wala kuta. Besi inatoka kwenye sabufa na kwenda zake baharini. Sabufa ile ile iliyotikisa matatu ya watu 14 itasikika kama inanong'ona. Fundi atakwambia dawa ni kuongeza wati, na hapo ndipo mfuko unapotoboka, kwa sababu ukizidisha wati mara mbili unaongeza desibeli 3 tu.

Kuna njia ya bei nafuu zaidi. Kwenye karatasi ya maelezo ya sabufa tafuta kiwango cha desibeli inachotoa ikipewa wati 1, kikipimwa umbali wa mita 1. Sabufa ya desibeli 90 ikipewa wati 100 inatoa sauti sawa na sabufa ya desibeli 84 iliyopewa wati 400. Namba hiyo ni muhimu kuliko wati zote zilizochorwa kwenye boksi kwa rangi nyekundu.

Halafu usihangaike na sauti za chini kabisa. Uzi mnene wa gita la besi la nyuzi nne unalia kwenye hezi 41 hivi. Chini ya hapo, kwenye mashua iliyo wazi, unalisha samaki umeme. Kama amplifaya yako ina kichujio cha kukata sauti za chini, kata kwenye hezi 40. Sabufa itapumua na betri itakushukuru.

HESABU YENYEWE

Tuseme amplifaya inatoa wati 200 za kweli, na ni ya daraja la D, ambayo haipotezi umeme mwingi kuwa joto. Tukikadiria kwamba asilimia 80 ya umeme inaoingiza inatoka kwenda kwa spika, inahitaji wati 250. Gawanya kwa volti 12, unapata karibu ampia 21. Muziki haukai kileleni wakati wote, basi tuchukue theluthi tu: ampia 7. Safari ya saa 4 itakula ampia-saa 28. Kwa betri ya ampia-saa 70, hiyo ni asilimia 40, kabla hujahesabu redio na taa.

Sasa jiulize, betri hiyo ina kazi gani nyingine? Kwenye mashua nyingi ni moja tu. Ndiyo inayowasha injini, ndiyo yenye taa za usiku, na kama kuna simu ya upepo ya VHF, inategemea hiyo hiyo. Tena betri ya kuwashia injini imeundwa kutoa umeme mwingi kwa sekunde chache kisha ichajiwe mara moja. Ukiinyonya polepole kila Jumamosi jioni itakufa mapema, hata ikiwa ya bei ghali.

Usidhani injini itaokoa jahazi. Injini nyingi ndogo za kuvuta kwa kamba hazichaji betri kabisa, na zile zinazochaji hutoa umeme kidogo. Kwa mashua kama hiyo, umeme uliotoka nao gatini ndio wote ulio nao.

Sisi tunaoandika programu tunaijua hali hii. Unaongeza kipengele kipya, kinapendeza, kisha programu nzima inaanguka kwa sababu hukuuliza kumbukumbu itatoka wapi. Tofauti ni kwamba programu ikianguka unaiwasha upya. Gari likigoma Thika Road, abiria watashuka wasukume. Mashua yenye watu 10 ikigoma gizani, maji yakianza kupwa na mkondo ukikuvuta kuelekea mlango wa mwamba, nani ashuke asukume?

SHILINGI KUMI ZIGAWE HIVI

Chochote ulicho nacho, kigawe mafungu kumi.

Mafungu manne ni ya umeme. Nunua betri ya pili, ya aina inayovumilia kutumika polepole, iwe ya muziki peke yake, na uitenganishe na ile ya injini kwa swichi. Betri za lithiamu ni nyepesi na zinadumu, lakini bei yake ni ya juu na zinataka chaja yake maalumu, kwa hiyo kwa bajeti ndogo ya risasi inatosha. Kama hata hiyo huiwezi, nunua kifaa kidogo kinachokata umeme volti zikishuka. Betri ya risasi iliyojaa na kupumzika husoma volti 12.6 hivi, na ikifika nusu husoma kama 12.1. Ni sharti la mstari mmoja: volti zikishuka chini ya 12, zima muziki. Mashine isimamie sharti hilo, maana nahodha akishapata wageni wanaocheza hatasimama kutazama mita.

Mafungu mawili ni ya waya na fyuzi. Hapa ndipo penye udanganyifu mwingi. Seti nyingi za waya za bei rahisi si shaba, ni alumini iliyopakwa shaba juu. Kwangua ncha kwa kisu: ukiona weupe ndani, rudisha. Alumini ikikutana na maji ya chumvi inaoza, na kiunganishi kinachooza kinapata joto. Bora zaidi ni shaba iliyopakwa bati. Unene nao si wa kubahatisha. Kutoka betri hadi amplifaya iliyo umbali wa mita 4, ampia 20 zikipita kwenye waya wa shaba wa milimita mraba 2.5, volti 1.1 zinapotelea njiani. Tumia wa milimita mraba 10 na hasara inashuka chini ya volti 0.3. Fyuzi nayo iwe karibu na betri. Kanuni za ABYC, baraza la Marekani linaloandika viwango vya maboti, kwa kawaida zinataka isizidi inchi 7 kutoka betri. Fyuzi inaulinda waya ulio mbele yake, na kipande kilichobaki nyuma yake hakina mlinzi.

Mafungu mawili ni ya amplifaya. Boksi likisema wati 1000, tazama fyuzi iliyo ubavuni. Ikiwa ni ya ampia 30, zidisha kwa volti 12: ni wati 360 zinazoingia. Haiwezi kutoa 1000 mfululizo, labda iwe na miujiza. Soma wati zilizoandikwa RMS, au zilizopimwa kwa kanuni ya CTA-2006. Na kama redio yako haina tundu la kutolea sauti ya sabufa, usinunue redio mpya. Zipo amplifaya zinazopokea sauti moja kwa moja kutoka waya za spika.

Mafungu mawili ya mwisho ndiyo ya sabufa na sanduku lake. Inchi 8 au 10 inatosha, kwenye sanduku lililofungwa kabisa. Kwa nyingi za inchi 10, lita 20 hadi 30 hutosha. Lazima lifungwe, kwa sababu sauti inayotoka nyuma ya spika ni kinyume cha ile ya mbele, na zikikutana besi zinafutana. Sanduku dogo lililozibwa vizuri chini ya kiti litaishinda sabufa kubwa iliyowekwa ovyo.

JE, LAZIMA IWE YA BAHARINI?

Wauzaji watasema ndiyo, mafundi wengi watasema ni jina tu la kuongezea bei. Ukweli uko katikati. Karatasi ikilowa inalegea, povu linaoza, chuma kinashika kutu, na jua la pwani haliachi plastiki salama. Sabufa ya gari yenye koni ya plastiki na ukingo wa mpira, ikikaa mahali pakavu na penye kivuli, naiona ni maelewano ya haki. Ikiwa itarushiwa maji kila siku, lipia ya baharini na utazame alama: IPX6 inahimili maji yanayorushwa kwa nguvu, IP67 inahimili hata kuzamishwa mita 1 kwa dakika 30.

Mahali pa kuiweka kuna masharti mawili yasiyo na mjadala. Amplifaya, swichi na fyuzi visikae kwenye ngama wala karibu na tangi la petroli. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unashuka na kutulia huko chini ukingojea cheche. La pili, sabufa isikaribie dira. Sumaku yake inavuta hata muziki ukiwa umezimwa. Isogeze huku ukitazama sindano, na ikicheza, tafuta mahali pengine.

WANAOPINGA

Kuna watakaosema, "Si anunue spika ya bluetooth yenye betri yake, yaishe?" Kwa mashua ndogo isiyochaji betri, nakubaliana nao kabisa. Haigusi umeme wa injini, na usiku unaenda nayo nyumbani.

Kuna pia watakaosema bahari haihitaji kelele. Nao wana hoja. Upepo ukitulia, muziki unasafiri mbali juu ya maji, na besi ndiyo inayopenya kuta za watu. Mji wa Lamu una misikiti, wazee na watoto waliolala. Kanuni za NEMA za mwaka 2009 kuhusu kelele zilitungwa kwa sababu, lakini hata bila kanuni, ujirani ni ujirani. Besi ya kutosha ni ile inayowafikia waliomo chomboni.

Na kabla ya kutoa hata senti moja, fanya jambo hili la bure. Ingia kwenye mipangilio ya redio, tafuta kichujio cha spika ndogo, ukate sauti zilizo chini ya hezi 80 au 100. Spika ndogo zikiacha kulazimishwa kubeba besi zisizoiweza, zinasikika safi na unaweza kupandisha sauti zaidi. Wapo watakaogundua kwamba hicho ndicho walichokuwa wanakitafuta.

Wengine bado watataka sabufa, na si vibaya, biashara ni biashara. Ila wainunue baada ya betri. Mgeni aliyekosa besi atanung'unika kidogo na jioni itaisha salama. Mgeni aliyelala baharini kwa sababu ya besi hatarudi, na atawaambia wenzake.

Wasalaam.