BARUA YA BWANA SHAMBA: Jani la Njano na Hadithi ya Rosa

Ndugu msomaji,

Mwezi huu hatutazungumza juu ya mbolea wala palizi. Tutazungumza juu ya kusoma hadithi. Wengine watasema, "Bwana Shamba na hadithi, wapi na wapi?" Subiri kidogo, utaona.

Mtu akijua kusoma, anaanza na maneno. Anasoma bango la duka. Anasoma stakabadhi yake ya kahawa. Anasoma barua ya mwanawe aliyeko Tunduma. Hiyo ni hatua kubwa. Lakini iko hatua ya pili. Hatua hiyo ni kuona jambo ambalo halikuandikwa wazi, lakini limo ndani ya yaliyoandikwa.

Mkulima anaijua hatua hii tayari. Tazama shamba la mahindi. Majani ya chini yanaanza kuwa njano. Njano inaanzia kwenye ncha, inaingia katikati ya jani. Mkulima asiyejua analilaumu jani, analing'oa. Mkulima mzoefu anajua kuwa mmea umekosa naitrojeni. Jani ni dalili tu. Tatizo liko chini, kwenye udongo.

Hadithi ya familia yenye matatizo husomwa vivyo hivyo. Usiishie kwenye jani. Tafuta udongo.

KITABU CHENYEWE

Kipo kitabu kiitwacho Rosa Mistika. Kiliandikwa na Euphrase Kezilahabi, kikatolewa mwaka 1971. Mwandishi huyu alizaliwa mwaka 1944 katika kijiji cha Namagondo, kisiwani Ukerewe. Alikuwa mwalimu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, baadaye akafundisha Botswana. Alifariki mwaka 2020.

Kitabu si kirefu. Kilipotoka kiligombaniwa sana. Kwa muda kilikatazwa shuleni, kwa sababu kinaeleza wazi mambo ya wanaume na wanawake. Baadaye kilikubaliwa, na wanafunzi wengi wamekisoma darasani.

Hadithi yenyewe ni hii. Zakaria ni baba mwenye mabinti. Ni mlevi. Mkewe, Regina, ndiye anayehangaika na nyumba. Binti wa kwanza ni Rosa. Kijana mmoja, jina lake Charles, anamwandikia Rosa barua. Baba anaipata barua ile. Haulizi. Anampiga binti yake vibaya sana.

Tangu siku hiyo Rosa anawaogopa wanaume. Anakwenda shule ya bweni. Huko baba hayupo, wala fimbo haipo. Wenzake wanamcheka kwa woga wake. Baadaye anadanganywa na mwanamume, na baada ya hapo anapotea kabisa. Mwishoni anataka kutulia. Charles anataka kumwoa, lakini anamwacha baada ya kujua kuwa Rosa si bikira. Rosa anajiua.

JANI NA UDONGO

Ukisoma haraka, utasema, "Hii ni hadithi ya msichana malaya." Hapo umeliona jani tu.

Katika kikundi kimoja cha kusoma wilayani Mbozi, jambo hili lilileta ubishi mkubwa. Mzee mmoja alisema, "Zakaria alikuwa na haki. Binti anaandikiwa barua na mvulana, baba anyamaze?"

Mama mmoja akamjibu kwa heshima, "Baba, hakuna aliyesema anyamaze. Angesema naye. Yeye alipiga, hakusema. Mtoto alijifunza nini?"

Mzee akafikiri. Akasema, "Alijifunza kuogopa."

"Kumwogopa nani, baba?"

"Kuniogopa mimi mzazi."

"Na ukiwa haupo?"

Watu wote walikaa kimya.

Ndugu msomaji, hapo ndipo penye kiini cha kitabu hiki. Fimbo ilimfundisha Rosa kumwogopa baba. Haikumfundisha kupima maneno ya mwanamume. Haikumfundisha kusema "hapana" na kujua kwa nini anasema hivyo. Baba alipokuwa mbali, Rosa hakuwa na silaha yoyote mkononi.

Angalia pia kwamba barua ilikuwa ya Charles. Aliyeandika ni yeye. Lakini aliyepigwa ni aliyeandikiwa. Na mwishoni Charles huyo huyo ndiye anayemhukumu Rosa. Wanaume waliomchezea wanaendelea na maisha yao. Mwandishi hapigi kelele juu ya jambo hili. Anakuachia wewe msomaji ulione.

Mtazame na Regina. Ni mama mwenye upendo na bidii. Lakini katika nyumba ile sauti inayosikika ni ya mume. Mama akipigwa na kunyamaza, watoto wanaona. Nao wanajifunza kunyamaza.

Je, basi Rosa hana kosa? Hapana, hatusemi hivyo. Rosa alikua, akawa mtu mzima, naye alichagua njia zake. Kitabu hakimwachii Rosa, wala hakimwachii Zakaria. Mbegu ina sehemu yake, na udongo una sehemu yake.

MASWALI MATATU YA KUCHIMBIA

Ukisoma hadithi yoyote ya familia, chukua maswali haya matatu. Ni kama jembe.

Kwanza: Kabla ya jambo hili baya, kulitokea nini? Kabla ya Rosa kupotea kulikuwa na kipigo. Kabla ya kipigo kulikuwa na baba asiyekaa na watoto wake. Rudi nyuma hatua kwa hatua.

Pili: Nani anasema, na nani amenyamazishwa? Mara nyingi ukweli wa nyumba uko kwa yule asiyeulizwa.

Tatu: Fedha za nyumba zinapita mikononi mwa nani? Mlevi hanywi pombe tu. Anakunywa daftari la mtoto, sabuni, chumvi na mbegu za msimu ujao.

KWETU SONGWE

Hadithi ya Ukerewe inatuhusu sisi wa Songwe. Mpaka wetu wa Tunduma ni njia kuu ya kwenda Zambia. Malori yanalala pale. Wageni ni wengi, na fedha zinazunguka. Binti anayetoka kijijini Ileje au Momba kwenda kusoma au kutafuta kazi mjini atakutana na maneno matamu kila siku. Mzazi hawezi kumfuata kila mahali. Kitakachomfuata ni yale mliyozungumza naye nyumbani.

Tazama pia msimu wa kuuza kahawa. Baba, mama na watoto wamepalilia pamoja. Wamechuma pamoja. Siku ya malipo ikifika, mtu mmoja anabeba fedha zote, anapitia kilabuni. Sisi mabwana shamba tunaweza kufundisha upandaji bora na mavuno yakaongezeka. Lakini magunia mengi hayasaidii nyumba ambayo watu wake hawakai pamoja kupanga matumizi. Kaeni kabla ya fedha kufika. Andikeni kwenye daftari: ada na sare kiasi gani, mbolea kiasi gani, chakula kiasi gani. Nyote mnajua kusoma sasa. Daftari hilo liwe wazi kwa mume na mke.

Sheria nayo ijulikane. Mwaka uleule wa 1971 kitabu hiki kilipotoka, Tanzania ilitunga Sheria ya Ndoa. Kifungu cha 66 kinasema kwamba mume hana haki ya kumpiga mkewe, wala mke kumpiga mumewe. Kwa hiyo asemaye "nampiga kwa kuwa ni mke wangu" hana sheria ya kumtetea.

Jambo jingine ni hili. Tangu Novemba 2021, Serikali imeruhusu msichana aliyeacha shule kwa sababu ya ujauzito arudi shuleni baada ya kujifungua. Zamani mimba ilifunga mlango wa shule. Sasa mlango uko wazi. Lakini mlango wa shule ukiwa wazi na mlango wa nyumbani umefungwa, binti atapita wapi? Mzazi ndiye anayemshika mkono na kumrudisha darasani.

Na mtoto, au mtu mzima yeyote, akianza kusema kwamba hana haja ya kuishi, msimcheke. Msimwache peke yake. Kaeni naye, msikilizeni, mpelekeni zahanati. Rosa hakuwa na mtu wa kumwambia uchungu wake. Hilo nalo limo katika kitabu, kwa yule anayesoma hatua ya pili.

MASWALI YA KUJADILIANA

Someni barua hii kwa sauti katika kikundi. Kisha jadilianeni:

1. Zakaria angefanya nini siku alipoipata ile barua? Mmoja wenu awe Zakaria, mwingine awe Rosa. Semezaneni.

2. Je, Charles alikuwa na haki ya kumwacha Rosa? Wanaume wajibu kwanza, kisha wanawake. Majibu yanafanana?

3. Katika nyumba zetu, nani haulizwi maoni yake? Kwa nini?

4. Taja jambo moja ambalo utalizungumza na mwanao wiki hii bila kushika fimbo.

Msiogope kubishana. Kubishana kwa heshima juu ya hadithi ni mazoezi mazuri. Watu wanamzungumza Zakaria, na kila mmoja anaitazama nyumba yake bila kuaibishwa. Ndiyo faida moja kubwa ya hadithi.

Wahenga walisema, samaki mkunje angali mbichi. Walisema mkunje. Hawakusema mvunje.

Mwezi ujao tutarudi shambani: namna ya kuhifadhi mahindi yasiliwe na dumuzi. Kalamu na daftari viwe karibu.

Wenu katika kazi,
Bwana Shamba