Kioo Kiongee Kiswahili

Wiki jana chumbani kwangu hapa Braamfontein nilikuwa naunganisha kioo cha maandishi na Arduino. Ni kile cha mistari miwili, herufi 16 kila mstari. Cha kawaida kinakula pini sita hivi. Hiki cha siriali kinataka nyaya tatu tu: volti 5, graundi na data. Usiku wa kwanza kilinitolea madudu matupu. Kumbe kioo kinasoma kwa kasi ya 9600, mie programu nimeandika 2400! (Usicheke, na wewe yatakukuta.)

Kilipokubali, nikaandika kwa Kiingereza kwamba salio limekwisha. Na kifaa chenyewe ni cha bomba la maji kijijini kwetu, ambako mama hasomi Kiingereza. Jamani, nani alinituma?

Tunasingizia eti maneno yetu ni marefu. Haya, hesabu na nafasi zake: "Salio limekwisha", 16. "Tafadhali subiri", 16. "Umeme umekatika", 15. "Kifaa hakifanyi kazi" ndiyo inashuka mstari wa pili, basi ishuke, si upo? Tena Wafaransa ndio wenye shida: chipu ya Hitachi, HD44780, ambayo vioo vingi hivi vinaifuata, toleo lake la Kijapani lina katakana lakini é haina. Sisi herufi zetu zote zimo, hadi kile kikato cha ng'ombe.

Nimeshafuta Kiingereza. Desemba nakipeleka nyumbani, mkaguzi ni mama.