MWANAMKE KUBEBA VYUMA SI AIBU. AIBU NI KUDANGANYANA

SEHEMU YA 1

Ndugu zangu wa Chidya, Masasi, Newala na wote mlioko mjini. Nimetoka zamu ya usiku, nimelala masaa matatu, nimeamka bado nina hasira. Wiki iliyopita niliweka picha yangu nikiwa jukwaani Dar es Salaam, kwenye mashindano ya kutunisha misuli, kundi la wanawake wasiotumia dawa. Mliyoandika mnayajua wenyewe. "Nesi umekuwa dume." "Hapo uzazi kwisha." "Hizo sindano tu, si yuko karibu na dawa." Mjomba mmoja alimpigia mama kabisa, eti nimewaaibisha ukoo mzima.

Picha sifuti. Nitawajibu hapa kwa sehemu tano. Someni mpaka mwisho ndipo mtukane.

Nilianza kwa sababu ya mgongo. Anayemgeuza mgonjwa mzito kitandani peke yake usiku kucha anajua ninachosema. Mwenzangu akanifundisha kuchuchumaa na mzigo begani na kunyanyua kitu kutoka chini bila kuukunja mgongo. Huku kwetu jimu hakuna. Tulijaza saruji kwenye makopo mawili ya rangi, tukapitisha bomba la chuma katikati, basi. Miezi mitatu mgongo ukanyamaza. Miaka minne baadaye nikapanda jukwaa. Sindano sijachoma hata moja.

SEHEMU YA 2

Tuanze na hilo la "dume".

Homoni inayokuza misuli ya mwanaume inaitwa testosteroni. Mwanamke naye anayo, lakini kidogo mno, kwa wengi wetu haifiki hata moja ya kumi ya aliyonayo mwanaume. Kubeba vyuma hakuigeuzi hiyo hesabu. Ndevu, sauti kukwaruza, siku kukatika kwa sababu ya homoni za kiume, hayo huletwa na dawa, na sauti ikishaharibika inaweza isirudi tena. Mimi sauti yangu mnaisikia kila kliniki ya watoto.

Halafu nyie mmezaliwa wapi? Ndoo ya lita 20 ina kilo 20 za maji, bado ndoo yenyewe. Bibi zetu wa Newala waliteremka bondeni kabla ya alfajiri, wakapanda nayo mlima mpaka juu, na mtoto mgongoni. Msimu wa korosho mama zetu wanabeba gunia mlizoshindwa kubeba nyie mliokaa kijiweni. Yupo aliyewaita madume? Hakuna. Mliwaita wake wazuri.

Kwa hiyo nguvu ya mwanamke haijawahi kuwaudhi. Kinachowaudhi ni nguvu ambayo haibebi ndoo yenu.

Na sikuanza mimi. Mashindano ya Ms. Olympia yalianza Marekani mwaka 1980, mshindi wa kwanza akawa Rachel McLish. Hapo jirani Kenya, Evelyn Okinyi Owala anajulikana kwa kutunisha misuli. Dunia haikuanguka.

SEHEMU YA 3

Sasa nije kwenye unafiki wenyewe. Hapa naomba akina mama mnisikilize vizuri.

Kuna binti aliletwa na mama yake. Jina wala kijiji sisemi. Uso umejaa mviringo kama mwezi, tumbo limetoka, lakini mikono na mapaja yamekuwa membamba, kuinuka kwenye benchi mpaka ajishike. Tukapima sukari, iko juu. Presha iko juu. Nikauliza, "Mama shikamoo, mtoto anakunywa dawa gani?" Akaitikia marahaba, akafungua kipande cha karatasi, ndani vidonge havina hata jina. "Vya kumpa mwili, mwanangu. Harusi imekaribia. Mbona alinenepa vizuri tu?"

Vidonge vya namna hiyo mara nyingi huwa ni deksamethasoni, wengine huchanganya na saiproheptadini. Zote ni dawa za hospitali, zina kazi yake. Saiproheptadini ni ya mzio, inaleta njaa na usingizi. Deksamethasoni inashusha uvimbe na inaokoa maisha ikitolewa kwa kipimo. Ukiitafuna miezi kwa ajili ya hipsi, inapandisha sukari na presha, inadhoofisha mifupa, inafungua mlango wa maambukizi, kifua kikuu kikiwemo. Na misuli INAILIWA. Yaani binti analipia kuonekana mnene huku mapaja yanakwisha ndani kwa ndani.

Tafadhali sana: kama unavinywa sasa hivi, usiviache ghafla. Mwili ukishazoea, kuacha ghafla kunaweza kukuua. Njoo kituo cha afya na kile kikaratasi, upunguziwe taratibu. Hatutakucheka.

Sasa nijibuni. Yule binti nani alimwita dume? Nani aliuliza kama anatumia dawa? Mlimsifia amejaa. Mimi niliyekula kunde na mayai nikanyanyua saruji miaka minne ndiye mnayetaka nipimwe mkojo.

SEHEMU YA 4

Hii ndiyo ngumu. Nimeiandika na kuifuta mara tatu. Siwezi kuwaambia wenzangu wanadanganya halafu mimi nikafunika yangu.

Ile picha ni ya siku moja. Kuifikia nilipunguza chakula wiki 16, kutoka kilo 64 mpaka 53. Mwezi wa tatu siku zangu zikakatika. Nilisikia baridi mchana wa jua la Masasi. Usingizi hakuna. Nikamfokea mama kwa sababu ya bakuli la mbaazi.

Na wiki mbili kabla ya jukwaa, zamu ya usiku, nilivuta dawa ya sindano ya mtoto mara kumi ya kipimo chake. Nukta niliiona, akili haikuisoma. Mwenzangu akasoma karatasi kwa sauti, akanishika mkono. Dawa haikuingia. Tuliandika kwenye kitabu cha ripoti, nikaenda nje nikakaa chini ya mwembe nikalia.

Ile haikuwa dawa ya misuli. Ilikuwa NJAA.

Wala si mimi peke yangu. Mwaka 2016 ilichapishwa ripoti ya mshiriki mmoja wa kike asiyetumia dawa: siku zake zilikatika wakati wa maandalizi, zikarudi wiki 71 baada ya shindano. Mwaka 2017 watafiti wa Finland waliwafuatilia wanawake 27 waliojiandaa kwa jukwaa. Walipopata kilo zao tena, baadhi ya homoni zao bado hazijakaa sawa. Kamati ya Olimpiki ya Kimataifa tangu 2014 imeupa jina upungufu huu wa nguvu kwa wanamichezo. Mwili ukikosa chakula cha kutosha unazima uzazi kwanza, halafu mifupa inalipa.

Kwa hiyo dada unayeniandikia inboksi "nataka tumbo kama la nesi", sikia: asilia maana yake hakuna dawa. Haina maana hakuna madhara.

SEHEMU YA 5, MWISHO

Waandaaji wa mashindano, huko nje mashirikisho ya mashindano asilia hupima mkojo, mengine humkalisha mshiriki kwenye kipimo cha kugundua uongo. Sisi tulisaini karatasi tu. Pimeni. Na mkishapima mkojo, muulizeni kila mwanamke swali la nesi: siku zako uliziona lini mara ya mwisho? Aliyezikosa miezi mitatu asipandishwe, arudishwe akale.

Akina mama na makungwi, mnapowafunda wali kuhusu mwili, waambieni na hili la vidonge. Nyie mnasikilizwa kuliko mimi na mabango yangu ya ukutani.

Mjomba, aibu ya ukoo si mapaja yangu. Ingekuwa ile sindano, na hiyo hukuijua mpaka nilipokwambia mwenyewe leo.

Mimi vyuma siachi. Jukwaani sirudi kwa njaa ile, sitachagua kati ya kombe na mtoto wa mtu. Siku zangu zilirudi mwezi wa nane baada ya shindano. Sasa nina kilo 63, nakula ugali wa muhogo na kunde na samaki, na nanyanyua kuliko nilivyonyanyua nikiwa na tumbo la picha. Picha ya kilo 63 hamjaiona, lakini ndiyo inayofanya kazi zamu ya usiku.

Jumamosi jioni makopo ya saruji yatakuwa uani kwangu. Wanawake tu. Njoo na kanga ya pili, na uje umekula.